Kabla ya Kusema Mtandao Unasumbua

Mzee alikuwa ameshika bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili, na kofia ameivua kwa heshima ya ofisi. Alikuwa wa tatu kwenye foleni. Mimi nilikaa kwenye benchi nyuma yake, begi la vifaa miguuni, nikisubiri mtu wa kunifungulia chumba cha seva. Zamu yake ilipofika, binti wa dirishani alimwamkia vizuri, "Shikamoo babu," akapokea bahasha, akabonyeza vitufe mara mbili tatu, akaguna, kisha akatamka ile sentensi ambayo kila mmoja wetu ameshaisikia.

"Babu, mtandao unasumbua. Njoo kesho."

"Kesho saa ngapi, mjukuu wangu?"

"Wewe njoo tu asubuhi."

Babu hakubisha. Alivaa kofia, akabana bahasha kwapani, akatoka kwenda kutafuta gari la kumrudisha kijijini alikoondoka alfajiri. Dakika kumi baadaye ufunguo ulipatikana, lakini chumba cha seva sikukihitaji tena. Nilikuwa nimeinama chini ya meza ya yule binti. Waya wa mtandao ulikuwa nusu ndani nusu nje ya tundu lake, nyuma ya kompyuta. Kile kiulimi cha plastiki kinachoushika usichomoke kilishavunjika siku nyingi, na asubuhi hiyo meza ilisogezwa kidogo wakati wa kupiga deki. Niliusukuma kwa kidole. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Nikakimbia hadi kituoni. Gari lilikuwa limeshaondoka.

Simsemi yule binti. Hakudanganya, kwa macho yake ukurasa haukufunguka, na sentensi ile aliirithi pamoja na kiti alichokalia. Naandika kuwaomba ninyi mnaokaa nyuma ya madirisha ya huduma, ninyi mnaoongoza ofisi, wenzangu mafundi wa TEHAMA, na sisi sote tunaopanga foleni: tuache kuitumia sentensi hiyo kama jibu. Ikitutoka mdomoni, ifuatwe papo hapo na swali. Mtandao upi? Umekatikia wapi?

Maana neno lenyewe ni pana mno. Ndani ya "mtandao" kuna waya mfupi wa chini ya meza, tundu la ukutani, swichi (namaanisha kile kiboksi chenye matundu mengi na taa zinazokonyeza, si ya kuwashia balbu), ruta, faiba au mnara wa kampuni inayotuletea intaneti, Mkongo wa Taifa, kebo zilizolala chini ya Bahari ya Hindi, halafu mwisho kabisa mashine ya yule tunayemtafuta. Kusema mtandao unasumbua ni sawa na kutangaza kwenye kituo cha mabasi kwamba barabara ya Mwanza imefungwa, basi. Kama daraja limekatika Manyoni, abiria wa Chalinze analazwa Dar es Salaam kwa kosa gani?

Siku za kweli zipo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko kwa siku kadhaa. Siku hizo mtu wa dirishani aliyesema mtandao unasumbua alisema kweli tupu, na hakuna fundi wa wilaya ambaye angeinama chini ya meza akalitatua tatizo. Hata hivyo, nilipata simu siku hizo kutoka ofisi iliyokuwa imesimamisha hata uchapaji wa barua, wakati printa iko chumba cha pili na mafaili yapo kwenye seva iliyo ndani ya jengo lilelile. Waya kutoka mezani hadi kwenye printa ile haupiti baharini. Wangeweza kuchapa siku nzima. Walichokosa ni mtu mmoja wa kuuliza ni kipande gani kimekatika.

Kukijua kipande hicho hakuhitaji shahada. Anzia mezani uelekee nje, kama anayefuata bomba akitafuta linapovuja. Inama uone taa za pale waya unapoingia kwenye kompyuta. Hazijawaka? Chomoa, rudisha mpaka usikie "tak". Kama hakuna "tak", kiulimi kimevunjika, na waya huo ubadilishwe leo, usifungwe kwa selotepu. Nimeziona selotepu za kutosha. Ndani ya waya ule mna nyaya ndogo nane, zimesokotwa mbilimbili, na mmojawapo ukikatikia ndani unaweza kukupa mtandao unaokuja na kuondoka. Huo ndio unaosumbua kuliko uliokufa, kwa sababu ukimwita fundi unapona, akiondoka unaugua. Tena waya huo usizidi mita 100 kwa kipande kimoja. Aliyeuvuta kutoka jengo la utawala hadi stoo ya nyuma ya uwanja asishangae.

Taa zikiwaka, muulize jirani. Jambo dogo hili huokoa nusu ya safari zangu. "Mwenzangu, kwako unafunguka?" Kama kwake unafunguka, tatizo liko kwako au kwenye waya wako. Kama chumba kizima kimekufa, tazama swichi ya chumba. Kama jengo zima limekufa, ndipo tuzungumze habari za ruta na kampuni. Na kama mnatumia waifai, hakikisha kwanza kompyuta haijajiunga kimyakimya na waifai ya mgahawa wa jirani.

Hatua inayofuata inawatisha watu bure. Kwenye kompyuta za Windows kuna lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Fungua, andika ipconfig, ubonyeze Enter, utaona anwani ya mashine yako, tarakimu zilizotengwa kwa nukta. Katika ofisi nyingi anwani huanza na 192.168 au 10. Ukikuta inaanza na 169.254, mashine imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba ikakosa wa kuigawia. Ni kama mgeni aliyefika harusini, hakuona mpokezi, akajikalia kwenye ndoo iliyopinduliwa: yupo, ila sahani haitamfikia. Ukinipigia simu ukaniambia tu "yangu inasoma 169.254", umeshanipunguzia saa nzima, na nitakuja na kifaa sahihi mkononi.

Kwenye dirisha hilohilo jeusi kuna amri nyingine ninayoipenda kupita kiasi: ping. Iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la nchi kavu la nchi yake. Mtandao wake ulikuwa unaleta vituko, naye akaiandika kwa jioni moja ili ajue tatizo liko wapi; jina akalitoa kwenye mlio wa chombo cha manowari kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Ndivyo inavyofanya mpaka leo. Unaipa anwani, inabisha hodi, inasubiri "karibu", kisha inakuambia jibu limechukua muda gani. Bisha hodi kwanza kwenye ruta yenu, ambayo namba yake ipconfig imekuonyesha pale palipoandikwa Default Gateway. Ikijibu, ndani ya jengo ni salama. Halafu bisha mbali, kwenye 8.8.8.8, anwani ya Google. Ikijibu, njia ya kwenda ulimwenguni ipo. Kama namba inajibu lakini ukiandika jina la tovuti hakuna kitu, kinachoumwa ni huduma ya majina, ile inayogeuza jina kuwa namba; barabara ni nzima, mmepoteza kitabu cha anwani tu. Angalizo moja: zipo mashine zilizokatazwa kuitika hodi kwa sababu za usalama, kwa hiyo kimya cha mashine moja kisikufanye utangaze msiba.

Na usisahau saa. Kompyuta kuukuu ambayo kibetri chake cha ndani kimekwisha huamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita, na tovuti salama zinaikataa kwa sababu hati zao, kwa tarehe ya mashine hiyo, bado hazijaanza kutumika. Mtu anasema mtandao, kumbe kalenda.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, ambalo ni woga. Kila ninapoingia ofisi yenye hitilafu, sentensi ya kwanza ninayopokelewa nayo, kabla hata ya "karibu", ni "Mimi sijagusa kitu." Mkuu wa ofisi naye yuko mlangoni anauliza kwa sauti ya kiranja, "Nani kagusa?" Kwa swali hilo hakuna atakayesema kitu, na mimi nitatafuta kwa saa tatu jambo ambalo mtu mmoja ndani ya chumba kile analijua.

Nitawapa mfano. Ofisi moja yenye kompyuta kama ishirini ilikufa yote kwa mpigo, saa mbili na nusu asubuhi. Intaneti hakuna, printa hakuna, hata mashine mbili zilizo meza moja hazionani. Kwenye swichi, taa zote zilikuwa zinakonyeza pamoja kwa kasi moja, kama macho ya watu wanaopepesa kwa vumbi lilelile. Ukiona hivyo, tafuta mzunguko. Na ulikuwapo: waya mmoja, ncha zote mbili zimechomekwa kwenye swichi ileile. Tangazo linalotumwa kwa mashine zote linaingia kwenye waya huo, linarudi, linatumwa tena, halina mahali pa kufia, hadi njia zote zinajaa mwangwi wa maneno yaleyale. Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa Marekani, alibuni utaratibu wa kuvifanya vifaa vya namna hii vigundue mzunguko na kuufunga vyenyewe. Lakini viboksi vya bei nafuu tunavyopachika chini ya meza kwa kawaida havina utaratibu huo.

Aliyefanya hivyo alikuwa karani mpya, kijana nadhifu. Aliona waya unaning'inia, akaona haya kwa niaba ya ofisi, akauchomeka kwenye tundu la karibu lililokuwa wazi. Alisimama pembeni yangu muda wote nikitafuta, jasho linamtoka, na hakusema. Ningekuwa yeye, baada ya lile "Nani kagusa?", nisingesema pia. Nilipouona waya nikauchomoa, taa zikatulia moja moja, naye akashusha pumzi. Tukatazamana. Sikumtaja, na simtaji.

Wakuu wangu, badilisheni swali. Ulizeni, "Tangu jana kimebadilika nini?" Swali hilo halina mshitakiwa. Mtu atasema meza zimehamishwa. Mwingine atasema ameleta ruta ya nyumbani ili simu yake ipate waifai. Ruta hiyo ya nyumbani, ikichomekwa vibaya, inaanza kuwagawia wenzake anwani zisizo za ofisi, na nusu ya chumba inapotea njia. Mwenye ruta akijua hatasulubiwa, atainua mkono kabla fundi hajawasha pikipiki.

Ombi langu la pili ni dogo na ndilo linalodharauliwa kuliko yote: daftari. Daftari la shule tu, la kurasa tisini na sita, lifungwe kwa uzi karibu na swichi, na kalamu yake.

Kulikuwa na ofisi ambayo mtandao wake ulikatika karibu kila siku, dakika chache, kisha ukarudi wenyewe. Barua mbili kali zilikuwa zimeshakwenda kwa kampuni inayowaletea intaneti, na kampuni ilikuwa imejibu kwa ustaarabu kwamba upande wao hakuna hitilafu, lakini ofisi haikuamini. Nikamwomba mama wa masijala, mtu asiyejidai kujua chochote cha kompyuta lakini mwenye mwandiko wa kusomeka na nidhamu ya kumbukumbu, aandike kila tukio: saa, chumba, kilichogoma, taa zilikuwaje, umerudi lini. Baada ya wiki mbili nikarudi tukafungua daftari pamoja. Saa nne na dakika tano. Saa nne na dakika kumi. Saa nne kamili. Saa nne na dakika nane. Kulikuwa na Ijumaa moja ambayo haina kitu, na mama wa masijala, kwa ukamilifu wake, alikuwa ameandika pembeni: "Leo hakuna chai, mama wa chai amefiwa."

Tulicheka mpaka mkuu akatoka ofisini. Birika la umeme lilikuwa limechomekwa kwenye ekstensheni ileile iliyobeba swichi, ekstensheni iliyochoka, ina alama ya kuungua kwenye tundu moja. Maji yalipoanza kuchemshwa, umeme ulishuka, swichi ikajizima, ikawaka upya. Birika lilipohamishiwa tundu lake la ukutani na ekstensheni kutupwa, daftari likabaki jeupe. Mama wa chai alikuja kuniomba radhi huku amekunja kanga mkononi. Nikamwambia mama, wewe ndiye uliyetusaidia. Ungekuwa hukosi kazini hata siku moja tungekuwa bado tunaandika barua.

Daftari hilo lina faida nyingine. Dawa yetu kubwa ni kuzima na kuwasha, na siibezi. Kifaa kilichochanganyikiwa kikizimwa husahau mchanganyiko wake, kikaomba anwani upya, kazi ikaendelea. Lakini vifaa vingi vidogo husahau pia ushahidi. Kwa hiyo kabla ya kuzima, andika taa zipi zilikuwa zinawaka na rangi gani, au zipige picha kwa simu. Ni sekunde tano. Na tafadhali, tafadhali sana, msiingize pini kwenye kile kitundu kidogo cha nyuma ya ruta. Huko siko kuzima na kuwasha. Mkikishikilia kwa sekunde kadhaa ruta inarudi kama ilivyotoka dukani, mipangilio yote ya ofisi imefutika, na hapo ndipo "njoo kesho" inapogeuka "njoo wiki ijayo."

Mafundi wenzangu, nasi tuna deni. Tunaingia bila salamu, tunainama, tunabonyeza, tunaondoka na siri yetu kana kwamba ni uganga. Tuwaambie watu tulichokikuta, kwa Kiswahili chao. Tuweke lebo ncha zote mbili za kila waya, ili mtu akinipigia simu nimwambie "chomoa namba kumi na nne" badala ya "ule wa bluu", maana zote ni za bluu. Tuache waya mfupi wa akiba kwenye droo ya dirishani. Tuwafundishe pia kwamba fundi wa kweli hamuulizi mtu nywila yake kwenye simu, hata mtandao uwe umezimika vipi.

Viongozi, lile kabati la swichi si stoo ya mafagio na mafaili ya zamani. Linahitaji hewa, linahitaji betri ya kulibeba umeme unapokatika, na linahitaji kusafishwa vumbi. Haya yaingie kwenye bajeti pamoja na karatasi na wino. Tena wekeni utaratibu wa siku mbaya, kwa sababu siku mbaya itakuja hata waya zote zikiwa nzima: karatasi dirishani ya kuandika jina la mwananchi, shida yake na namba ya simu, na mtu mmoja mwenye jukumu la kuwapigia mtandao ukirudi, kwa kufuata namba za foleni. Kama babu yule angeombwa namba yake ya simu, ningempigia kabla hajapanda gari.

Nasi tunaosimama upande wa pili wa kioo, tuulize kwa upole. "Samahani dada, ni mtandao wa hapa ndani au wa nje? Nisubiri kidogo au nirudi?" Aliyeulizwa kwa adabu mara nyingi atainama kutazama. Aliyetukanwa hainami.

Babu alirudi kesho yake. Binti alinisimulia: alivua kofia, akafika dirishani, akauliza, "Umepona?" Akahudumiwa kwa dakika saba. Waya mpya niliouweka pale unauzwa kwa bei isiyofika nauli aliyolipa ya kuja mara ya pili.

Basi, ndugu yangu wa dirishani, kesho asubuhi kabla mlango haujafunguliwa kwa wananchi, inama chini ya meza yako utazame kama taa inawaka.